Kidole Kipi kwa Uzi Upi: Mwongozo wa Kupanga Vidole katika Kodi za Msingi za Gitaa

Mchoro wa kodi unaopatikana katika vijitabu na kwenye simu humwonyesha mwanafunzi wa gitaa mahali pa kubonyeza, na pengine humpa hata namba ya kidole, lakini ni nadra umweleze kwa nini kidole hicho kimechaguliwa na kingine kikaachwa. Matokeo yake ni kwamba mwanafunzi huikariri kila kodi peke yake, huipiga vizuri akiwa ametulia, kisha hukwama pindi wimbo unapomtaka aiache na kuingia nyingine kabla ya pigo linalofuata. Kodi ni sauti tatu au zaidi zinazolia kwa pamoja, na nyimbo nyingi hutumia kodi tatu au nne zinazopokezana kutoka mwanzo hadi mwisho. Ugumu ulioko, basi, umo zaidi katika safari ya vidole kutoka kodi moja hadi nyingine. Msimamo wa mwongozo huu ni kwamba kidole huchaguliwa kwa kutazama kodi iliyotangulia na ile inayofuata, na kwamba kodi moja inaweza, na mara nyingine inapaswa, kupangiwa vidole tofauti katika nyimbo tofauti.

Msomaji anayefikiriwa hapa ni mwanafunzi wa Chepkoilel, kampasi ya Chuo Kikuu cha Eldoret iliyo nje kidogo ya mji kwenye barabara ya kwenda Ziwa, ambaye amepata gitaa la kununua au la kuazima, hana mwalimu wa kumsimamia, na anatarajiwa kusindikiza nyimbo za ibada au za wenzake bwenini. Mwingine yeyote aliye katika hali kama hiyo atafaidika vilevile.

Namba za vidole, nyuzi na freti

Vidole vya mkono unaobonyeza, ambao kwa wapigaji wengi ni wa kushoto, huhesabiwa kuanzia kidole cha shahada: cha shahada ni 1, cha kati ni 2, cha pete ni 3 na kidole kidogo cha mwisho ni 4. Gumba halipewi namba kwa kuwa kazi yake ni kuegemea nyuma ya shingo ya gitaa. Nyuzi nazo huhesabiwa kutoka ule mwembamba kuliko yote, ambao ni wa 1, hadi ule mnene kuliko yote, ambao ni wa 6. Zikilinganishwa kwa utaratibu wa kawaida, kuanzia mnene, hutoa sauti za E, A, D, G, B na E. Freti ni vile vyuma vyembamba vinavyokingama kwenye shingo, na mtu anaposema "freti ya 2" humaanisha nafasi iliyo kati ya chuma cha kwanza na cha pili. Mashoto aliyegeuza nyuzi za gitaa lake hatumii namba nyingine. Hubadilisha mkono tu.

Katika kurasa hizi alama kama 5/3 humaanisha uzi wa 5 katika freti ya 3.

Gitaa likaguliwe kwanza

Vidole vingi hulaumiwa kwa kosa la gitaa. Eldoret iko kwenye mwinuko wa takriban mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, na majira yake huathiri mbao waziwazi: wakati wa mvua ndefu mbao hufyonza unyevu, uso wa gitaa huvimba kidogo na nyuzi huinuka mbali na shingo, ilhali katika ukavu wa Desemba hadi Februari mbao hunywea, nyuzi hushuka na pengine huanza kugusa freti na kutoa mlio wa kukwaruza. Uzi ulioinuka hudai nguvu nyingi zaidi, na unapobonyezwa huvutika na kupandisha sauti, hivyo kodi husikika mbovu ingawa vidole viko mahali pake.

Kipimo rahisi hufanywa kwenye freti ya 12. Katika gitaa la nyuzi za chuma, nafasi kati ya uzi wa 6 na chuma cha freti hiyo inafaa kuwa milimita 2 hadi 3, na katika gitaa la nyuzi za nailoni milimita 3 hadi 4. Ikizidi hapo kwa kiasi kikubwa, gitaa lipelekwe kwa fundi kabla mwanafunzi hajakata tamaa bure.

> TAHADHARI
> – Gitaa lililoundwa kwa nyuzi za nailoni lisifungwe nyuzi za chuma kamwe. Mvuto wa chuma ni mkubwa zaidi, na huweza kung'oa daraja, yaani kipande kinachoshikilia nyuzi kwenye uso wa gitaa, au kupinda shingo.
> – Maumivu ya ncha za vidole ni ya kawaida katika majuma ya mwanzo. Maumivu ya kifundo cha mkono au ya msuli wa mkono ni ishara ya kusimama mara moja na kurekebisha mkao.
> – Katika baridi ya asubuhi, hasa Juni hadi Agosti, vidole vipashwe joto kwa maji ya vuguvugu au kwa kusuguliwa kabla ya kugusa nyuzi.
> – Kucha za mkono unaobonyeza zikatwe fupi, kwa sababu kucha ndefu hulaza kidole na kuzima uzi wa jirani.

Kwa nini mahali pa kidole ndani ya freti ni muhimu

Uzi hubonyezwa karibu na chuma cha mbele, yaani kile kilicho upande wa tundu la gitaa, lakini si juu yake. Kidole kilicho karibu na chuma huhitaji nguvu kidogo kuutuliza uzi, na kidole kilichorudi nyuma huhitaji nguvu nyingi na bado huweza kutoa mkwaruzo. Katika gitaa ambalo urefu wa uzi unaolia ni sentimita 65, freti ya kwanza ina upana wa takriban milimita 36 na ya pili takriban milimita 34, na kila inayofuata hupungua kwa uwiano huohuo. Lakini nyuzi zenyewe zimepishana kwa takriban milimita 7 tu karibu na kichwa cha shingo, na ncha ya kidole cha mtu mzima ni pana kuliko hapo. Ndiyo maana vidole vitatu vinavyotakiwa kukaa katika freti moja, kama ilivyo kwa kodi ya A, haviwezi kusimama katika mstari ulionyooka. Hulazimika kupangwa kimshazari, na kimojawapo lazima kibaki nyuma. Swali la kipi kibaki nyuma ndilo linalozaa mipangilio mbalimbali ya A itakayoelezwa hapa chini.

Kanuni za kuchagua

*Kidole nanga.* Ikiwa kodi mbili zinazofuatana zina nukta moja ya pamoja, kidole kilichopo hapo kisiinuliwe. Kutoka C kwenda A ndogo (yaani Am, kodi yenye sauti ya huzuni kidogo), kidole cha 1 kilicho 2/1 na cha 2 kilicho 4/2 hubaki, na ni cha 3 pekee kinachotoka 5/3 kwenda 3/2. Mwanafunzi anayeinua mkono mzima na kuupanga upya hufanya kazi mara tatu ya inayohitajika.

*Kidole kiongozi.* Ikiwa hakuna nukta ya pamoja, huenda kipo kidole kinachoweza kuteleza juu ya uzi uleule bila kuuacha, na hicho huwaongoza wenzake.

*Umbo linalohama.* Vidole viwili vikiwa na umbile lilelile katika kodi zote mbili, vihamishwe kwa pamoja kama kitu kimoja, badala ya kutafutiwa mahali kimoja kimoja.

Kanuni hizi tatu zinatosha kueleza karibu uchaguzi wote unaofuata.

Familia ya A, D na E

Kodi ya D huwekwa hivi: kidole 1 kwenye 3/2, kidole 3 kwenye 2/3, kidole 2 kwenye 1/2. Kodi ya E ni kidole 2 kwenye 5/2, kidole 3 kwenye 4/2 na kidole 1 kwenye 3/1. Michoro mingi huipanga A kwa vidole 1, 2 na 3 kwenye 4/2, 3/2 na 2/2 kwa mfuatano huo, na mpangilio huo hauna kosa ukitazamwa peke yake. Ukiwekwa kati ya D na E, hata hivyo, kidole cha 1 hulazimika kuruka kutoka uzi wa 3 hadi wa 4 na kurudi tena wa 3.

Mpangilio unaofaa zaidi kwa nyimbo za aina hii ni kidole 2 kwenye 4/2, kidole 1 kwenye 3/2 na kidole 3 kwenye 2/2. Hapo kidole cha 1 huwa nanga kati ya D na A, kwa kuwa kipo 3/2 katika zote mbili, na huwa kiongozi kati ya A na E, kwa kuwa huteleza juu ya uzi wa 3 kutoka freti ya 2 hadi ya 1. Kidole kimoja hakiachi uzi wake wimbo mzima. Mwanzoni mkono utahisi umebanwa kidogo, na hilo lisimtishe msomaji.

Mwenye vidole vinene au gitaa la shingo nyembamba anaweza kukilaza kidole cha 1 juu ya nyuzi za 4, 3 na 2 katika freti ya 2, akakubali uzi wa 1 uzimwe. Ni njia halali, ila huinyima kodi sauti yake ya juu na huchosha msuli upesi.

Am hapa hupatikana bila gharama: ni umbo la E lililohamishwa lote uzi mmoja kuelekea nyuzi nyembamba.

Familia ya C, F na G

Hii ndiyo familia inayostahili muda mwingi kuliko nyingine, kwa kuwa nyimbo nyingi sana za Afrika Mashariki, za dansi na za ibada, huzunguka ndani yake, na kwa kuwa ndiyo inayowafanya wanafunzi wengi waliache gitaa wanapofika kwenye F.

Jambo ambalo michoro huficha, kwa vile huchora kila kodi katika kisanduku chake, ni kwamba kodi hizi tatu zimebebwa na ngazi moja ya vidole viwili: kidole 3 katika freti ya 3, na kidole 2 katika freti ya 2 ya uzi unaofuata.

> NGAZI YA VIDOLE 3 NA 2
> F: kidole 3 kwenye 4/3, kidole 2 kwenye 3/2; kidole 1 kinalazwa juu ya 2/1 na 1/1. Nyuzi za 5 na 6 hazipigwi.
> C: kidole 3 kwenye 5/3, kidole 2 kwenye 4/2, kidole 1 kwenye 2/1. Uzi wa 6 haupigwi.
> G: kidole 3 kwenye 6/3, kidole 2 kwenye 5/2, kidole 4 kwenye 1/3.
> G7 (G iliyoongezwa sauti inayoivuta irudi C): kama G, lakini kidole 4 kinaondolewa na kidole 1 kinawekwa kwenye 1/1.

Kutoka F hadi C, na kutoka C hadi G, ngazi huhama uzi mmoja tu kuelekea nyuzi nene, na freti hazibadiliki. Kidole cha 1 ndicho kinachobadilisha kazi. Kati ya C na F kidole hicho hakiondoki 2/1. Hulazwa kidogo ili ubavu wake ufunike pia uzi wa 1. Mwanafunzi anayefahamu hivyo haanzi F kutoka angani. Huijenga kutoka C kwa hatua hizi:

1. C ipigwe na kusikilizwa uzi kwa uzi hadi kila mmoja ulie vizuri.
2. Bila kuinua kidole chochote, kidole cha 1 kilazwe taratibu hadi uzi wa 1 nao ulie katika freti ya kwanza. Kiwiko kikisogezwa karibu na mbavu, kidole hugeuka kidogo upande na kazi hurahisika.
3. Kidole cha 1 kikiwa palepale, vidole vya 3 na 2 vihamishwe kwa pamoja hadi uzi wa 4 na wa 3.
4. Nyuzi nne nyembamba zipigwe moja moja. Ikiwa uzi wa 1 umezimika, kidole cha 1 kisogezwe karibu na chuma kabla ya kuongezwa nguvu.
5. Ngazi irudishwe C, na zoezi lirudiwe mara kumi bila haraka.

G mbili na mahali pa kila moja

Mpangilio wa G uliotolewa hapo juu, wa vidole 3, 2 na 4, ni wa nyimbo zenye C. Wimbo unaozunguka kati ya G, D na Em (E ndogo) huhitaji mwingine: kidole 2 kwenye 6/3, kidole 1 kwenye 5/2, kidole 3 kwenye 2/3 na kidole 4 kwenye 1/3. Sababu ni kwamba D nayo ina kidole 3 kwenye 2/3, hivyo kidole hicho huwa nanga. Em katika wimbo huo ipigwe kwa kidole 1 kwenye 5/2 na kidole 2 kwenye 4/2, ili kidole cha 1 kisiondoke. Lakini Em hiyohiyo ikiwa jirani ya Am au E, ipigwe kwa vidole 2 na 3.

Nyimbo nyingi za sasa za kusifu na kuabudu hutumia pia aina ya C iliyobadilishwa kidogo, yenye kidole 2 kwenye 5/3, kidole 1 kwenye 4/2, kidole 3 kwenye 2/3 na kidole 4 kwenye 1/3. Sauti ya D huingia ndani ya C, na kodi hulia kwa upana zaidi. Faida yake kwa vidole ni kubwa, kwani vya 3 na 4 hukaa palepale kutoka G hadi kodi hii. Isitumike, hata hivyo, kila mahali: wimbo wa zamani wenye maelewano yaliyo wazi huharibika kwa sauti hiyo ya ziada.

Kidole cha nne na gitaa kavu

Uchaguzi hubadilika pia kulingana na kazi ya mkono wa pili. Katika upigaji wa gitaa kavu, yaani gitaa lisilotumia umeme, uliojulikana Afrika Mashariki na Kati katikati ya karne ya 20, mpigaji alitumia gumba kupiga besi kwenye nyuzi nene na kidole cha shahada kupiga melodi kwenye nyembamba, akawa peke yake kama wapigaji wawili. Mwenda Jean-Bosco wa Katanga, ambaye "Masanga" yake ilirekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952, na George Mukabi wa magharibi mwa Kenya, aliyefariki mwaka 1963 na ambaye jina lake limefungamana na mtindo wa omutibo, ni mifano mikubwa ya upigaji huo. Kwa msomaji wa Eldoret, Mukabi ni urithi wa jirani kabisa, na kumsikiliza kwa makini ni somo ambalo hakuna mchoro unaoweza kulitoa.

Katika upigaji wa namna hiyo kodi hushikwa kama msingi huku melodi ikitembea juu yake, kwa hiyo kidole kimoja lazima kiwe huru. Hii ndiyo sababu nzito ya kuishika C kwa vidole 1, 2 na 3, na kamwe isiwe kwa 4: kidole cha 4 kikiwa huru, huongeza 2/3 kupata sauti ya D, au 1/3 kupata G, au 4/3 kupata F, na C haivunjiki. Kwa sababu hiyohiyo mpigaji wa mtindo huu huipendelea G7, inayokiacha kidole cha 4 huru, kuliko G kamili. Anayekung'uta nyuzi zote kwa piki, yaani kipande kidogo cha plastiki, hana haja hiyo na anaweza kutumia vidole vyote vinne bila hasara. Kabla ya kuuliza kidole kipi, basi, mpigaji huamua kwanza kama atakung'uta au atadonoa.

Utaratibu wa kupanga vidole kwa wimbo wowote

1. Kodi za wimbo ziandikwe kwa mfuatano wake, pamoja na ile inayorudisha mwanzo, kwa kuwa mpito huo husahauliwa mara nyingi.
2. Chini ya kila jozi itafutwe nukta ya pamoja. Ikipatikana, kidole chake kizungushiwe duara.
3. Isipopatikana, utafutwe uzi ambao kidole kinaweza kuteleza, au umbo linaloweza kuhama.
4. Mpangilio ukikataa upande mmoja, kodi ijaribiwe kwa vidole vingine. E kwenda B7 ni mfano mzuri: B7 ikiwekwa kidole 2 kwenye 5/2, kidole 1 kwenye 4/1, kidole 3 kwenye 3/2 na kidole 4 kwenye 1/2, kidole cha 2 hubaki kilipokuwa katika E.
5. Vidole visivyo nanga vifike pamoja. Ikishindikana kwa sasa, kile cha uzi mnene kitangulie, kwa sababu pigo la kushuka huanzia huko na huwapa wengine nafasi ndogo ya kufika.
6. Mkono unaokung'uta usisimame hata kama kodi haijakamilika. Mwendo upunguzwe hadi vidole viweze kuwahi, kisha uongezwe kidogo kidogo.
7. Mpito mmoja upimwe kwa dakika moja kila siku na idadi ya mabadiliko safi iandikwe. Dakika kumi na tano asubuhi na jioni hujenga vidole kuliko saa mbili za Jumamosi.

Makosa yanayorudiwa

Kosa la kwanza ni kubana shingo kwa gumba kana kwamba sauti hutokana na nguvu. Sauti safi hutokana na mahali pa kidole, na nguvu iliyozidi hupandisha sauti na kuchelewesha mpito. La pili ni kuviinua vidole mbali na nyuzi wakati wa kuhama, ilhali milimita chache zinatosha. La tatu ni kutazama mkono muda wote, jambo linalomzuia mpigaji kumfuata mwimbishaji. La nne, ambalo ni gumu kulitambua bila msaada, ni kukung'uta nyuzi ambazo hazimo katika kodi: uzi wa 6 katika C na nyuzi za 5 na 6 katika D huzimwa au huachwa. Katika D uzi wa 5 hauharibu maelewano, lakini wa 6 hutia uzito usiotakiwa.

> ORODHA YA UKAGUZI KABLA YA KUSINDIKIZA
> ☐ Gitaa limelinganishwa sauti ndani ya chumba kitakachotumika, baada ya kuzoea hali yake ya hewa.
> ☐ Kila kodi imepigwa uzi kwa uzi na hakuna uliozimika.
> ☐ Kidole nanga cha kila mpito kinajulikana.
> ☐ Mpito wa kurudi mwanzo umejaribiwa.
> ☐ Imeamuliwa kama wimbo utakung'utwa au utadonolewa.

Wimbo unapoanzishwa kwa sauti nyingine

Katika kwaya na vikundi vya ibada mwimbishaji huweza kuanza mahali panapolifaa koo lake, na do yake ikaangukia B bemoli au E bemoli, ambako kodi nyepesi hazipo. Hapo hutumika kapo, kibanio kinachofungwa kwenye shingo na kubonyeza nyuzi zote kwa pamoja. Kapo ikiwa freti ya 3, umbo la G hulia B bemoli na umbo la C hulia E bemoli. Ikiwa freti ya 2, umbo la G hulia A na umbo la C hulia D. Mipangilio yote ya vidole iliyoelezwa hapa hubaki vilevile, na F hubonyezeka kwa urahisi zaidi kwa sababu nyuzi ziko chini na freti ni nyembamba. Asiye na kapo anaweza kufunga penseli kwa mpira imara juu ya nyuzi, mradi mpira ukaze sawasawa pande zote mbili. Kapo ya aina yoyote ifungwe karibu na chuma cha mbele, na gitaa lilinganishwe upya baada ya kufungwa, kwa kuwa mkazo wake huvuta nyuzi nene zaidi ya nyembamba.